Plasta tatu mgongoni: kisa cha dawa iliyoanzia kwenye mwavi

Simu iliingia kwenye saa mbili usiku, nikiwa nafunga hesabu za duka. Aliyepiga ni mteja wangu wa siku nyingi, mama wa makamo anayemtunza mama yake mzazi nje kidogo ya mji wa Tanga. "Dokta," akasema (wateja wengi hutuita madokta sisi wafamasia, nami nimeshachoka kubishana), "mama anatapika tangu alasiri. Mate yanamchuruzika kama mtoto anayeota meno, na jasho hilo, kanga mbili zimeloa chapachapa. Tumemleta hospitali. Daktari anatuuliza kama nyumbani tuna dawa ya kupulizia michungwa."

Swali la daktari lilikuwa la mtu anayeijua kazi yake. Mgonjwa anatapika, anaharisha, anatoka mate na jasho, mboni za macho zimesinyaa zikawa kama ncha ya sindano, na mapigo ya moyo ni 42 kwa dakika. Kwenye mkoa wa wakulima dalili hizo zikikutana kwa mtu mmoja, wa kwanza kushukiwa ni sumu ya wadudu, zile za jamii ya oganofosfeti. Mzee amekunywa kwa bahati mbaya akidhani ni soda, au ameinywa makusudi. Dawa yake, atropini, iko kwenye kabati la dharura.

Lakini michungwa ya familia ile iliuzwa pamoja na shamba lake miaka mingi nyuma, na nyumbani hamna hata dawa ya mende. Nikauliza bibi anatumia dawa gani. "Ya presha tu. Na zile plasta anazoleta kaka kutoka Muscat."

Nikamwomba ampe simu muuguzi, nami nikamwomba muuguzi amgeuze bibi, ampandishe blauzi, amtazame mgongo mzima. Nikamsikia akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na hii nyingine huku chini." Ya kwanza ilikuwa mpya, imeshika vizuri karibu na bega la kushoto. Ya pili ilikuwa bega la kulia, kingo zake zimejikunja na kukusanya vumbi na nyuzi za kanga. Ya tatu ilikuwa karibu na kiuno, na alipoibandua iliacha duara jekundu kwenye ngozi, kubwa kidogo kuliko sarafu ya shilingi 200.

Plasta hizo zina dawa iitwayo rivastigmini, ya ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kusahau unaowapata zaidi wazee. Kila moja hutakiwa kukaa mwilini saa 24, kisha inatolewa na nyingine inabandikwa mahali tofauti. Zile za bibi zilikuwa za kutoa 9.5 mg kwa siku, lakini ndani yake mna 18 mg. Maana yake ni kwamba plasta iliyomaliza siku yake bado imebeba karibu nusu ya mzigo, na ukiiacha mwilini itaendelea kuushusha.

Nitaeleza zilivyofika tatu, kwa sababu hakuna aliyezembea na bado ajali ikatokea. Mtoto wa kiume akija likizo hutoa maboksi na makaratasi yote ili sanduku lisizidi uzito, anafunga pakiti peke yake kwa mpira. Maelekezo, ambayo hata hivyo yalikuwa ya Kiarabu na Kiingereza, yalibaki Muscat. Kwa miezi kadhaa dada mtu ndiye aliyebandika, kila baada ya sala ya Isha. Baadaye akaanza kuuza chapati na maharage jioni, akamkabidhi binti yake anayesoma kidato cha tatu, naye akawa anabandika asubuhi kabla ya kwenda shule. Ila siku ambazo biashara iliisha mapema, mama mtu aliporudi alibandika kwa mazoea. Na kuhusu kuitoa ya zamani, wote wawili walikuwa na wazo moja, nami silioni kuwa la kijinga: plasta ya kidonda dawa yake ikiisha hudondoka yenyewe. Nyingine zilidondoka kweli, bafuni. Siku ile tatu zilikuwa hazijadondoka.

Zikabanduliwa, mgongo ukaoshwa kwa sabuni na maji, akawekewa dripu na akachomwa atropini. Kufikia alfajiri mate yamekauka na mapigo yamepanda hadi 60. Rivastigmini haikai sana mwilini ikishaondolewa chanzo chake. Baada ya takriban saa 3 na nusu kiwango chake kwenye damu hushuka kwa nusu.

Kimatibabu kisa kingeweza kuishia hapo, na kwenye faili kimeishia hapo. Mimi usiku ule sikulala, kwa sababu dalili alizonisomea muuguzi nilikuwa nimewahi kuzisoma, karibu zote, katika maelezo ya watu waliohukumiwa kwa uchawi huko Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria, zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana mwavi ni nini. Mtu ametuhumiwa kuroga, ushahidi hakuna, basi anapewa maji ya gamba la mti anywe. Akitapika ni msafi, akifa alikuwa na hatia. Waefik wa Calabar nao walikuwa na mwavi wao, nao ni haragwe, wakiliita esere. Ni mbegu ya rangi ya kahawia iliyoiva, urefu wake kama pingili ya kidole gumba, inatoka kwenye mmea utambaao juu ya miti kandokando ya mito. Lilisagwa, likachanganywa na maji, mtuhumiwa akanywa mbele ya watu. Yako maelezo yanayorudiwa sana kwamba asiye na hatia hugugumia haraka kwa kujiamini, tumbo likashtuka akatapika, wakati mwenye hatia huonja kidogokidogo kwa woga, na sumu ikapata muda wa kuingia. Yanapendeza kusimulia. Mimi nadhani yamewapa sifa kubwa mno waamuzi wa kiapo na yamesahau kwamba asiye na hatia naye huogopa.

Wamisionari wa Kiskoti walifika Calabar mwaka 1846, na haragwe likasafiri kwa njia yao hadi Edinburgh. Huko alikuwapo Robert Christison, profesa na mtaalamu wa sumu, ambaye mwaka 1855 aliamua kulila mwenyewe. Alianza na kipande kidogo, asipoona kitu akala kama robo ya haragwe. Kizunguzungu kikamshika, viungo vikalegea, moyo ukaenda ovyo. Alipoona mambo yanamzidi akanywa maji aliyokuwa amenyolea ndevu ili atapike. Akapona. Nikimfikiria na kikombe chake cha maji yenye povu na ndevu huwa nacheka peke yangu, lakini hivyo ndivyo mwavi ulivyoanza kuwa dawa: kuna aliyekula kiasi alichokipima, akaandika kilichompata, na kwa kuwa hakufa akaja kusimulia.

Mwaka 1861 mmea ukapewa jina la kisayansi, Physostigma venenosum, na hilo neno la pili maana yake ni "wenye sumu". Thomas Fraser, wa Edinburgh vilevile, akachunguza namna haragwe linavyosinyaza mboni ya jicho. Argyll Robertson, daktari wa macho wa jiji hilohilo, akalitumia machoni mwaka 1863. Mwaka 1864 Jobst na Hesse huko Ujerumani wakatenga kiini chake, fisostigmini, ambacho wengine walikiita eserini kwa heshima ya jina la Kiefik. Mwaka huohuo huko Prague, Kleinwächter akatumia dawa ya haragwe hili kuwaponya wafungwa waliokunywa atropini. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba hivi viwili ni mahasimu: kimoja kinasinyaza mboni kingine kinaipanua, kimoja kinaleta mate kingine kinakausha koo. Bibi wa Tanga aliokolewa na uhasimu huohuo, ila kwa upande wa pili.

Kwa nini haragwe linafanya hivyo, ilijulikana baadaye sana. Seli za neva hazigusani. Kati yao kuna ufa mwembamba, na ujumbe huuvuka kwa kemikali, mojawapo ikiwa asetilikolini. Ikishafikisha ujumbe lazima iondolewe upesi, na yuko mfagizi wa kazi hiyo, kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi. Otto Loewi na Navratil walionyesha mwaka 1926 kwamba fisostigmini humfunga mikono huyu mfagizi. Asetilikolini inarundikana. Tezi za mate na jasho zinaambiwa fanyeni kazi, fanyeni kazi, bila kupumzishwa. Utumbo unasokota, moyo unapunguza mwendo, na sumu ikiwa nyingi misuli ya kupumua inagoma. Dawa za wadudu za oganofosfeti zinamfunga mfagizi huyohuyo, nyingi kwa kamba isiyofunguka kirahisi. Ndiyo maana daktari wa zamu aliuliza habari za michungwa, na ingawa hapakuwa na michungwa hakuwa amekosea sana.

Wapo wawili siwezi kuwapita. Mary Walker alikuwa daktari katika hospitali ya St Alfege's, Greenwich, Uingereza. Alikuwa na wagonjwa wa misuli inayochoka, kope zinaanguka, kumeza ni taabu. Akaona wanafanana na watu waliopigwa kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini, na kinga ya kurare ilikuwa inajulikana kuwa ni fisostigmini. Mwaka 1934 akamchoma mgonjwa, na kope zikainuka. Wa pili ni Percy Julian, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Alabama mwaka 1899, mjukuu wa watumwa. Mwaka 1935 alifanikiwa kuitengeneza fisostigmini maabara tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na mwenzake Josef Pikl, katika chuo cha DePauw. Alimtangulia Robert Robinson wa Oxford, mmoja wa wakemia wakubwa wa zama zile, na akaonyesha kuwa njia ya Robinson ilikuwa na kosa. Baada ya yote hayo chuo kilimnyima uprofesa kwa sababu ya rangi yake. Haragwe la Waefik lilivunjwavunjwa na kujengwa upya na mzao wa watu waliovushwa bahari kwa minyororo, na sijui kwa nini habari hii haifundishwi katika shule zetu za famasia.

Mpaka hapo, angalia, hakuna aliyetaja kusahau. Waefik hawakulitumia esere kuamsha kumbukumbu ya mtu. Alzheimer aliingia kwenye kisa kwa mlango wa nyuma, na tena ni Edinburgh. Mwaka 1976 Peter Davies na Maloney walipima ubongo wa watu waliokufa na ugonjwa huu, wakakuta kimeng'enya kinachotengeneza asetilikolini kimepungua vibaya sana, hasa sehemu zinazohusika na kumbukumbu. Kama mjumbe amekuwa haba, je, tukimzuia mfagizi, mjumbe huyo mmoja si atadumu zaidi? Fisostigmini ikatolewa kabatini na kujaribiwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Ilisaidia kidogo, lakini haidumu hata saa moja mwilini na inatapisha. Marta Weinstock wa Chuo Kikuu cha Hebrew, Jerusalem, pamoja na wenzake, wakachukua umbo la fisostigmini, wakabakiza ile sehemu inayomfunga mfagizi, wakabadilisha mengine. Ndiyo rivastigmini. Uswisi iliikubali mwaka 1997, Marekani mwaka 2000, na plasta ikaja mwaka 2007 kwa sababu vidonge viliendelea kutapisha watu. Katika jaribio la watu 1,195 lililotangulia idhini ya plasta, kichefuchefu kiliwapata asilimia 7 ya waliotumia plasta ya 9.5 mg, na asilimia 23 ya waliomeza vidonge.

Kuhusu faida yake nitasema kama nilivyomwambia dada yule, bila kuongeza chumvi. Katika jaribio lilelile, baada ya wiki 24, tofauti kati ya waliobandikwa dawa na waliobandikwa plasta tupu ilikuwa chini ya pointi 2 kwenye kipimo cha akili chenye pointi 70. Ugonjwa hausimami. Kwa mgonjwa mmoja mmoja faida hiyo huweza kuonekana kwa namna ndogondogo: anakumbuka kuvaa viatu kabla ya kutoka, anamaliza sentensi aliyoianza, familia inapata mwaka wenye nafuu kidogo. Kwa mwingine haionekani kabisa.

Sasa nirudi kwa bibi, kwa sababu kuna jambo la nyuma lililonifanya nisilale.

Miaka 4 kabla ya plasta, bibi alianza kutoka usiku. Saa nane, saa tisa, wote wamelala, yeye anafungua komeo na kuondoka. Mara mbili alikutwa uani kwa jirani, mara moja akiwa hana nguo, anaongea na mtu asiyeonekana, na alipoulizwa alisema anamtafuta mdogo wake wamalize kuchota maji. Mdogo wake alifariki zamani. Kwa anayeujua ugonjwa huu, picha hiyo inajitosheleza: saa za mwili zimevurugika, kumbukumbu za karibuni zimefutika, za utotoni zimebaki, na mgonjwa anaishi ndani yake. Kwa mtaa ule neno lilikuwa moja tu. Anawanga. Baadaye mtoto wa jirani alipougua degedege, majirani wakaacha kununua chapati za binti yake. Usiku mmoja mawe matatu yakatua juu ya bati.

Mawe yalikuwa nafuu. Sote tunasikia yanayowapata wazee wa Usukumani wenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe, na wazee wa Kilifi ambao wengine wamelazimika kukimbia boma zao wakaishi pamoja kwenye hifadhi ya wazee ya Kaya Godoma kwa kuogopa mapanga ya watoto wao wenyewe. Sidai kwamba kila mzee anayesingiziwa uchawi ana Alzheimer. Wengi kosa lao ni shamba. Lakini mzee anayezurura usiku, anayesema peke yake, anayemkana mwanawe mbele za watu, ana nafasi kubwa zaidi ya kuitwa mwanga, na ugonjwa unampokonya hata maneno ya kujitetea.

Kwa hiyo muuguzi aliponisomea dalili zile, nilichokiona ni mwanamke aliyeshukiwa uchawi, akiwa na sumu ya jamii ya esere mwilini, anatapika. Calabar wangesema ameshinda kiapo.

Wiki moja baadaye dada akaja dukani na mfuko mzima wa dawa za nyumbani, kama nilivyomwomba. Nikazimwaga mezani. Vidonge vya presha, sawa. Chupa ya vidonge vya ginkgo, zawadi nyingine ya Muscat. Kifurushi cha unga wa mizizi kilichofungwa kwa gazeti. Na Piriton, karatasi tano, muhuri wa bei ukiwa wa duka langu.

Niliiuza mimi. Alikuwa akisema ni ya mafua, nami sikuuliza mafua gani yanayodumu miezi mitatu. Ukweli ni kwamba walikuwa wakimpa bibi viwili kila usiku ili asinzie, asitoke nje. Hofu ya mawe ilikuwa inawasukuma, siwalaumu. Lakini klofeniramini, kiini cha Piriton, huziba milango ya asetilikolini. Kazi yake ni jamaa wa mbali wa kazi inayofanywa na atropini, na kila mtu wa pwani anayeujua mnanaha anajua kazi hiyo ikizidi inafananaje: koo kavu, mboni pana, mtu anaweweseka na kuokota vitu hewani. Kwa hiyo asubuhi plasta ilikuwa inajitahidi kumuongezea bibi asetilikolini, na usiku Piriton yangu inaizibia mlango. Kama ni mtungi, tulikuwa tunaujaza kwa kata huku tumeutoboa chini. Tangu siku hiyo mtu akija kununua Piriton kwa ajili ya mzee wa zaidi ya miaka 65 namkalisha kwanza.

Dada alikuwa na lake. "Dokta, hizi kemikali zitaniulia mama. Nitafutie cha miti, cha asili."

Nikamweleza habari za haragwe, kwa ufupi kuliko nilivyowaeleza ninyi, maana chapati zilikuwa zinamsubiri. Alisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo wewe unampa mama mwavi?" Ni swali la haki, na jibu langu lilikuwa ndiyo, mwavi uliopimwa, na ulipokosa kupimwa uliona mwenyewe.

Ginkgo ilikuwa rahisi. Ni majani ya mti wa China, na dunia nzima yanauzwa kama dawa ya kumbukumbu. Marekani walifanya jaribio kubwa, watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi, nusu wakipewa ginkgo mara mbili kwa siku na nusu vidonge bandia, wakafuatiliwa kwa miaka 6 hivi. Matokeo yakatoka 2008: waliopata ugonjwa wa kusahau walikuwa 277 upande wa ginkgo, 246 upande wa vidonge bandia. Wafaransa wakajaribu na watu wao 2,854, nao mwaka 2012 wakatangaza kuwa haikuzuia. Nilimwambia aache kumtumisha kaka fedha hizo, amwambie anunue nepi za wazee.

Akauliza, je, hakuna mmea ambao dawa yake imetoka kwenye mmea wenyewe? Upo, na si wa Afrika. Kuna ua dogo jeupe linalochomoza Ulaya theluji ikiwa bado haijaisha. Wasovieti walitenga kiini chake, galantamini, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na huko Bulgaria mfamakolojia Dimitar Paskov akakifanya kuwa dawa, wakiitumia kwa wagonjwa wa polio na kuwazindua misuli wagonjwa waliotoka kwenye upasuaji. Mwaka 2001 Marekani ikaikubali kwa Alzheimer. Leo inatengenezwa pia maabara, na huko Wales wapo wakulima wanaolima maua ya jamii hiyo milimani kwa ajili yake. Hiyo nayo inamfunga mfagizi yuleyule. Na donepezili, inayoandikwa zaidi kuliko zote, haikutoka kwenye mti wowote, ni ya maabara tupu, na inamfunga mfagizi yuleyule kwa nafuu ileile ndogo. Mgonjwa hawezi kujua ipi ilianza na shina na ipi ilianza na chupa.

Ulibaki unga wa gazeti. Mganga aliyeutoa ni mzee ninayemheshimu, nikaenda kumsalimu. Alinionyesha mizizi miwili ninayoijua, wa tatu akasema ni wa babu yake, hautajwi. Sikumshinikiza. Nilimwomba tu unga usitumike wakati plasta iko mwilini, naye akakubali bila kinyongo, akasema hata yeye hachanganyi dawa za watu wawili.

Ila niliporudi niliendelea kuufikiria ule mzizi wa tatu. Tafiti za mimea yetu huchapishwa kila mwaka, nyingi zikisema majimaji ya mti fulani "yamezuia asetilikolinesterasi" kwenye kichupa cha maabara, na siku mbili baadaye kichwa cha habari kinasema dawa ya Alzheimer imepatikana. Kinachopimwa pale ni kitu kilekile kinachofanya dawa ya kupulizia michungwa iue vidukari. Mmea uliofaulu kipimo hicho umethibitisha kuwa unaweza kuwa sumu. Kuwa dawa ni mitihani mingine: unafika kwenye ubongo au unaishia tumboni, unadumu saa ngapi, kiasi gani kinasaidia na kiasi gani kinatapisha, na tofauti kati ya viwili hivyo ni pana kiasi gani. Kwa esere mitihani hiyo ilichukua tangu kikombe cha Christison hadi mwaka 1997. Simaanishi watafiti wetu waache. Nasema anayesoma kichwa cha habari akimbilie kuchimba mizizi amwone kwanza bibi aliyekuwa na mapigo 42.

Baada ya siku kadhaa bila dawa daktari alimwanzisha upya na plasta ndogo ya 4.6 mg, kama inavyotakiwa baada ya kukatiza zaidi ya siku 3. Nyumbani wamepachika kalenda ya ukutani. Mjukuu ndiye mbandikaji peke yake, mama mtu hagusi hata akirudi mapema. Kabla ya kufungua pakiti mpya anaibandua ya jana, anaikunja upande wa gundi kwa ndani na kuigandisha kwenye kisanduku cha tarehe yake, ndipo inayofuata. Juu ya mpya anaandika siku kwa kalamu ya wino: J3, J4. Mwisho wa mwezi wananiletea kalenda na mimi natupa.

Piriton imekoma. Mlangoni wamefunga kengele ya mbuzi, na bibi akifungua komeo nyumba nzima inaamka. Jirani wa uani, yule wa degedege, ndiye aliyeitoa hiyo kengele, baada ya dada kwenda kumweleza ugonjwa ni nini na kumwonyesha barua ya daktari. Hawajarudi kuwa marafiki. Chapati ananunua.

Nilipita juzi kupima presha. Bibi alikuwa kibarazani anachambua mchele kwenye ungo, mchele ambao mjukuu huurudishia mawe yake kila asubuhi ili bibi awe na kazi. Hakunijua. Nikamwambia shikamoo, akajibu marahaba, akaniuliza kama nimemwona mdogo wake huko kisimani.